Padre Cecil Majaliwa: Mtoto wa Kiyao Aliyerudi Bara Akakaa Chitangali



Kama ilivyo desturi ya kijitabu hiki, kabla ya kufika kwenye hesabu na orodha ya ahadi tunatanguliza maisha ya mtu mmoja wa zamani aliyeacha alama katika nchi yetu. Mwaka huu tumemchagua Padre Cecil Majaliwa. Wazee wa Kanisa wanalijua jina lake, na waliosoma historia ya Tanganyika wamekutana nalo, lakini vijana wetu wengi hupita njia ya Masasi na Newala bila kujua kwamba miaka zaidi ya 130 iliyopita mtu mweusi aliyetoka utumwani aliishi huku na mkewe na watoto wake kwa miaka kumi na moja, akifundisha, akizika, akiozesha na kusuluhisha.

Tumemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba alikuwa mmoja wa waanzilishi waliotoka pwani wakaelekea magharibi, wakaja kujenga huku wakati ambapo wengi walikuwa wanakimbia. Ya pili inahusu namna alivyoondoka, nayo inagusa moja kwa moja jambo tunalolichangia mwaka huu. Tutaifikia.

NCHI ILIVYOKUWA

Ili kuelewa alichokifanya, lazima kwanza tukumbuke nchi yetu ilivyokuwa katikati ya karne ya 19. Wamakonde walikuwa juu ya uwanda, ndani ya vichaka vizito. Maji hayakuwepo kule juu; akina mama waliteremka kwenye mabonde na kupanda tena na mitungi kichwani, safari ya nusu siku au zaidi. Watu walivumilia shida hiyo kwa sababu kichaka kilikuwa ngome yao. Adui hakuweza kupita kwa wepesi, na njia za kuingilia kijijini zilijulikana na wenyeji peke yao.

Chini ya uwanda, kuelekea Masasi na Rovuma, waliishi Wamakua, Wamwera na Wayao. Wayao walikuwa wanasogea kutoka upande wa Ziwa Nyasa, wengine wakikimbia vita na njaa, wengine wakifuata biashara. Kutoka Songea walikuja Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara. Walipopita waliacha maghala matupu na mashamba yaliyorudi kuwa pori.

Juu ya hayo yote kulikuwa na biashara ya watumwa. Misafara ilitoka Nyasa kwenda Kilwa, na mingine ilishukia Lindi na Mikindani. David Livingstone alipopita upande wa Rovuma mwaka 1866 aliona watu waliokufa njiani, wengine wakiwa bado wamefungwa. Mwenye nguvu alimuuza mnyonge, na aliyeuza leo angeweza kuuzwa kesho. Hakuna kabila lililotoka safi katika biashara ile, na hakuna lililokosa kulia.

MTOTO ALIYEUZWA

Majaliwa alizaliwa katika nchi hiyo, akiwa Myao. Alikuwa bado mtoto alipoingizwa utumwani na kushushwa pwani. Njia aliyopitishwa ilikuwa ile ile ya maelfu ya wengine: kutoka bara kwenda mashariki, mpaka baharini, na kutoka hapo kwa jahazi kwenda visiwani.

Wakati ule manowari za Uingereza zilikuwa zikizunguka pwani kuyakamata majahazi yaliyobeba watumwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja, lakini magendo yaliendelea kwa miaka mingi baadaye. Watoto waliookolewa hawakuweza kurudishwa makwao, kwa maana wengi hawakujua hata jina la mto wa kijijini kwao, na njia ya kurudi ndiyo ile iliyojaa wakamataji. Baadhi yao walikabidhiwa kwa misheni ya Waanglikana iliyoitwa UMCA, iliyokuwa imehamia Zanzibar mwaka 1864. Majaliwa alikuwa mmoja wao. Alibatizwa akaitwa Cecil, na jina la Majaliwa likabaki naye mpaka mwisho. Kwa Kiswahili jina hilo halihitaji kufafanuliwa: ni lile Mungu alilomjalia mtu.

KIUNGANI NA CANTERBURY

Wavulana walilelewa Kiungani, kusini kidogo ya mji wa Zanzibar. Ilikuwa shule ya watoto wasio na ukoo. Humo mlikuwa na Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wabondei na wengineo, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Walisoma, waliimba, walijifunza kazi za mikono. Mtoto aliyenyang'anywa mama na baba alipata kaka na rafiki, na undugu huo wa Kiungani uliendelea mpaka uzee.

Askofu wao alikuwa Edward Steere, mwanasheria aliyegeuka kuwa padre, ambaye Waswahili wanamkumbuka kwa kazi yake ya lugha. Steere aliandika kitabu cha kufundishia Kiswahili kilichotoka mwaka 1870, akakusanya hadithi za Zanzibar, akatafsiri Maandiko, na akakusanya pia maneno ya Kiyao. Ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa kuu pale Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873. Vijana wa Kiungani waliona kwa macho yao mahali walipouzwa wenzao pakigeuzwa kuwa mahali pa sala.

Majaliwa alionekana kuwa mwanafunzi hodari. Alipelekwa Uingereza kusoma katika chuo cha St Augustine's, Canterbury. Tumpime kwa kipimo cha wakati wake: mtoto aliyehesabiwa pamoja na pembe na vitambaa, sasa amekaa darasani katika mji wa maaskofu wakuu wa Uingereza. Aliporudi angeweza kabisa kubaki Zanzibar, mjini, penye barua, dawa na soko. Alimwoa Lucy, binti aliyelelewa Mbweni, kwenye shamba na shule ya misheni ya wasichana waliokombolewa. Lucy naye alikuwa amesoma. Wawili hao wangeweza kuishi maisha ya starehe kidogo pale kisiwani. Hawakufanya hivyo.

WALIOTANGULIA MASASI

Kabla ya Majaliwa kuja, walikuwepo waliotangulia, na haitakuwa haki tusipowataja. Mwishoni mwa mwaka 1876 Askofu Steere aliondoka Zanzibar na kundi la watu wapatao hamsini, waume kwa wake, wote wakiwa wametoka utumwani. Walishuka Lindi, wakaanza kutembea kwenda magharibi. Nia ya askofu ilikuwa kuwafikisha mbali zaidi, katika nchi ya Wayao ng'ambo ya Rovuma, kwa kuwa wengi wao walikuwa na asili ya bara. Walipofika Masasi, chini ya milima yetu hii ya mawe, waliona ardhi nzuri, maji ya kutosha, na mashamba yasiyo na watu kwa sababu ya vita. Wakaona hapa panatosha. Wakakaa.

Hivyo ndivyo kijiji cha misheni cha Masasi kilivyoanza: kilikuwa kijiji cha wakulima. Watu hawa hawakuja na mishahara. Walikuja na majembe, mashoka na mbegu. Kila nyumba ilipata mahali pa kujenga na mahali pa kulima. Aliyekuwa analima shamba la bwana pwani sasa alilima lake mwenyewe, na alichovuna kilikuwa chake. Kwa mtu aliyewahi kuwa mali ya mwingine, debe la kwanza la mtama wake mwenyewe lilikuwa na uzito ambao mizani haionyeshi.

Padre William Percival Johnson aliachwa kuwaangalia, na mwaka uliofuata akaja Chauncy Maples, aliyejifunza Kimakua na kuandika kitabu juu ya lugha hiyo mwaka 1879. Kijiji kikakua. Kisha Septemba 1882, muda mfupi baada ya Askofu Steere kufariki kule Zanzibar, Magwangwara walikuja. Nyumba zilichomwa, watu walitekwa. Padre William Porter alisafiri mpaka Songea kuwaombea mateka waachiwe, safari ambayo wengi waliamini hatarudi. Maples aliwahamisha sehemu kubwa ya watu kwenda Newala, kwa Matola, mkubwa wa Kiyao aliyekuwa rafiki wa misheni na aliyekuwa na ngome ya milima. Baadaye Masasi ikajengwa tena.

Majaliwa alijua kwamba anakuja katika nchi ya namna hiyo. Aliyekuwa ametoka bara kwa kamba alikuwa anaambiwa arudi bara kwa hiari, mahali ambapo waliotangulia walikuwa wamechomewa nyumba miaka minne tu nyuma.

CHITANGALI

Mwaka 1886 Majaliwa alifanywa shemasi na Askofu Charles Smythies, akapewa kazi Chitangali, katika nchi hii ya kati ya Masasi na Newala, penye mji wa Nakaam. Nakaam ni jina la ukubwa wa Wayao wa huku; aliyelibeba katika miaka ile na kuupokea Ukristo alijulikana kwa jina la Barnaba.

Safari ilikuwa ya jahazi mpaka Lindi, kisha ya miguu. Aliyezoea kutoka Lindi asubuhi kwa basi akala mchana Masasi, ajaribu kuifikiria njia ile kwa siku nyingi, mizigo ikiwa vichwani mwa wapagazi, nguo za marekani zikiwa ndizo fedha za kununulia chakula njiani, na usiku moto ukiwashwa kwa ajili ya simba.

Pale Chitangali hakukuwa na Mzungu wa kukaa naye. Kituo kilikuwa chake. Hilo ndilo jambo la kwanza la kulitia maanani. Sehemu nyingi za misheni wakati ule Mwafrika alikuwa msaidizi: alipiga kengele, alifundisha alifabeti, alitafsiri mahubiri ya mwingine. Chitangali Majaliwa ndiye aliyeamua, na ndiye aliyelaumiwa mambo yalipoharibika. Yeye na mkewe waliishi kama watu wengine walivyoishi, katika nchi ya nyumba za miti na udongo zilizoezekwa kwa nyasi.

Katika nchi hii mwalimu asiyejua kalenda ya jembe hawezi kufundisha mtu yeyote. Kabla ya mvua watu wako porini wanafyeka na kuchoma. Mvua zikianza, Novemba au Desemba, kila mkono wenye nguvu uko shambani kupanda mtama, mahindi, kunde na karanga. Januari na Februari ndiyo miezi ya njaa: ghala limebaki vumbi, mazao mapya bado, na watu huingia msituni kuchimba ming'oko. Palizi haingoji, nguruwe hawangoji, nyani ndio kabisa. Watoto hulinda mashamba. Muhogo ulipendwa kwa sababu unangoja ardhini hata vita vikipita juu yake. Darasa likijaa ni baada ya mavuno, na baada ya mavuno ndipo pia zinapoanza ngoma. Mwalimu wa Chitangali ilimbidi aishi ndani ya mzunguko huo, naye na jamaa yake wakila kilichopatikana kijijini.

Kazi ilikua. Barnaba Nakaam alimpa mgeni wake nafasi na heshima, na watu walifuata walipoona mkubwa wao anasikiliza. Lakini tusidhani ni amri ya mkubwa peke yake iliyofanya kazi. Wayao wa Chitangali walimwona mtu wa damu yao ambaye alikuwa amepotea na amerudi. Kwa mila zetu aliyeuzwa huhesabiwa kama aliyekufa. Huyu alikuwa amefika mwisho wa dunia, amevuka bahari, na sasa yuko mbele yao, ana mke, ana watoto, ana kitabu. Hakuhitaji kueleza sana kwamba biashara ya watu ni mbaya. Yeye mwenyewe alikuwa maelezo.

SUALA LA JANDO

Kila mwalimu wa dini aliyefika huku, awe wa Kikristo au wa Kiislamu, alikutana na suala moja: jando na unyago. Kwa Myao, Mmakua na Mmakonde, mtu asiyechezwa hawi mtu mzima hata akiwa na mvi. Ndani ya sherehe hizo mna mafundisho ya heshima, kazi, ndoa na ulezi. Mna pia mambo ambayo wageni waliyaona hayafai. Waislamu, ambao dini yao ilikuwa inaenea kwa kasi miongoni mwa Wayao katika miaka hiyo hiyo, waliipata njia ya kuyaingiza ndani ya dini. Wamisionari wengi walitaka kuyakataa moja kwa moja.

Mchungaji aliyekuwa Myao hakuweza kulitazama jambo hili kutoka mbali. Watoto wa waumini wake walikuwa wanafikia umri, na mama zao walikuwa wanauliza. Suala hilo lilibaki wazi kwa miaka mingi, mpaka karne ya 20, wakati Padre Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alipoanzisha jando la Kikristo lililojulikana mpaka nje ya Afrika. Wengi humpa Lucas sifa hiyo, nayo ni haki yake. Lakini njia ile ililimwa kwanza na mapadre na walimu wa hapa hapa, waliokuwa wamekaa na wazee na makungwi tangu miaka ya 1880 na 1890, wakipima lipi libaki na lipi liachwe.

UPADRE, NA WADACHI WANAFIKA

Mwaka 1890 Majaliwa alipewa upadre na Askofu Smythies. Alikuwa Mwafrika wa kwanza katika misheni ile yote kufikia daraja hiyo. Sifa hiyo imeandikwa katika vitabu vya historia ya Kanisa la Afrika Mashariki, lakini sisi tunataka watu wa nyumbani wakumbuke sehemu yake ya pili: padre yule wa kwanza kazi yake haikuwa kwenye kanisa kuu la mjini. Kazi yake ilikuwa hapa kwetu.

Miaka ile haikuwa ya utulivu. Mwaka 1888 watu wa pwani waliinuka dhidi ya Wadachi, kuanzia Pangani mpaka Lindi na Mikindani. Njia za pwani zikawa za hatari. Mei 1890 jeshi la Wissmann liliichukua Kilwa, kisha Lindi. Juu ya uwanda wetu, kule Luagala, Machemba aligoma kuwatii, akawapiga mara kadhaa, akafanya nao amani, kisha akagombana nao tena, mpaka mwaka 1899 walipomfukuza akavuka Rovuma kwenda upande wa Wareno.

Kwa hiyo katika muda wa kazi yake Majaliwa aliona dunia mbili zikipita. Alikuja wakati wa Magwangwara na misafara ya watumwa. Aliondoka wakati wa boma na askari. Wakubwa aliowajua walikuwa wanaondoka mmoja mmoja. Askofu Smythies alifariki safarini baharini mwaka 1894. Maples, aliyekuwa amehamia Nyasa na kufanywa askofu wa Likoma, alizama ziwani Septemba 1895. Mwaka huo huo wa 1895 Matola wa Newala naye alifariki. Chitangali ilibaki na padre wake.

KUONDOKA

Sasa tumefika kwenye ile sababu ya pili.

Mwaka 1897, baada ya miaka kumi na moja, Padre Majaliwa aliondoka Chitangali akarudi Zanzibar. Hakufukuzwa na Nakaam, wala hakukimbia vita. Vita vilikuwa vimepungua. Aliondoka kwa ajili ya masomo ya watoto wake. Yeye na Lucy walikuwa na familia kubwa, na watoto walikuwa wanakua. Shule ya kuwafikisha walikofika wazazi wao haikuwepo bara. Ilikuwepo Zanzibar.

Tuliposoma habari hiyo katika kamati, tulinyamaza kidogo. Simba, njaa, Magwangwara na Wadachi, vyote hivyo havikumtoa. Kilichomtoa ni kitu ambacho mzazi yeyote anakijua. Mtu aliyekuwa amefundisha watoto wa wenzake kwa miaka kumi na moja alifika mahali pa kuchagua kati ya hao na wa kwake. Hatuoni wa kumlaumu. Alikuwa amekosa wazazi wake mwenyewe akiwa mdogo. Ni nani angemwambia asiwaangalie watoto wake?

Lakini Chitangali ililipa. Mahali palipojengwa na mtu mmoja aliyekaa, hapaendi vile vile mtu huyo akiondoka. Wengine walikuja, wengine walipita. Mtu anayeijua lugha, anayejua nani amegombana na nani, anayejua mwezi gani darasa litajaa na mwezi gani lisijazwe kwa nguvu, haletwi kwa barua ya uhamisho.

ALICHOACHA

Hata hivyo mbegu ilikuwa imeota. Mwaka 1905 vita vya Majimaji vilipofika Masasi, kituo cha misheni kilichomwa kwa mara nyingine, na kwa mara nyingine kikajengwa. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, Wadachi waliwaweka kizuizini wamisionari wa Kiingereza. Makanisa na shule za huku zilibaki mikononi mwa mapadre na walimu Waafrika, nao waliziendesha. Hakuna aliyeshangaa sana kwamba wanaweza, kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kuona padre mweusi akiongoza kituo peke yake miaka thelathini nyuma.

Kutoka katika misingi hiyo, pamoja na ile iliyowekwa na Wabenediktini waliofika Ndanda mwaka 1906, na ile ya walimu wa Kiislamu waliofundisha Kurani katika vijiji vyetu bila mshahara, ndipo nchi yetu ilipopata shule zake, hospitali zake kama hii ya Mkomaindo, na watu wake. Wilaya ya Masasi imelitoa taifa Rais, Mzee Benjamin Mkapa wa Lupaso. Haya hayakutokea hivi hivi. Kila mmoja wetu aliyefika mahali alianzia kwa mwalimu aliyekubali kukaa kijijini.

NYUMBA ZA WALIMU

Ndiyo maana mwaka huu kamati imependekeza, na mkutano mkuu umekubali, kwamba mchango wetu wote uende kwenye jambo moja: nyumba za walimu katika shule zetu za vijijini.

Wengi mnaijua hali. Mwalimu kijana anapangiwa shule ya huku. Anafika na begi lake na godoro. Anapewa chumba cha kupanga ambacho mvua ikinyesha anahamisha kitanda. Maji anayanunua kwa ndoo. Akipata mtoto, anaanza kufikiria. Mwaka wa pili au wa tatu anaandika barua ya uhamisho, na hatuwezi kumlaumu zaidi ya tunavyoweza kumlaumu Padre Majaliwa. Anaondoka kwa sababu zile zile. Watoto wa shule wanabaki wakihesabu walimu wapya kama wanavyohesabu misimu.

Serikali ina sehemu yake, na tunaikumbusha kila tunapopata nafasi. Lakini wale wapatao hamsini wa mwaka 1876 hawakungoja mtu awajengee. Waliweka chini mizigo yao, wakagawana ardhi, wakaanza kufyeka.

Tunajua msimu wa korosho unavyokuwa. Bei ikipanda kila mtu ana ndugu. Bei ikishuka hata simu hazipokelewi. Tunajua pia kuna waliolazimika kuuza kwa kangomba kabla ya mnada ili walipe ada, wakabaki bila kitu. Hatumwombi mtu asichonacho. Mwenye gunia atoe kilo, mwenye mshahara atoe siku yake moja, aliyeko Dar es Salaam atoe nauli ya safari moja ya nyumbani, aliyeko ng'ambo atoe anachoweza. Asiye na fedha ana mikono: kuna matofali ya kufyatua, mchanga wa kubeba, maji ya kuteka. Chama hiki ni cha wote, Mwislamu na Mkristo, Myao, Mmakua, Mmakonde na Mmwera, na mwalimu atakayekaa katika nyumba hizo atafundisha watoto wa wote.

Fomu za ahadi ziko ukurasa wa mwisho. Zijazwe na kurudishwa kwa mweka hazina wa tawi lako, naye atakupa stakabadhi. Hesabu zitasomwa hadharani kwenye mkutano mkuu ujao, kama kawaida, na kila nyumba itakayokamilika tutaitaja na mahali ilipo, ili aliyechangia aende akaione.

Padre Cecil Majaliwa alitembea kutoka Lindi mpaka Chitangali akakaa miaka kumi na moja. Tukiwajengea walimu wetu mahali pa kulea watoto wao, wako watakaokaa ishirini.

Karibuni tuchange.

Kamati ya Chama